Bunduki, Panga na Woga Wetu

Msomaji, je, ni busara kuogopa bunduki kuliko panga? Naam, na mwili wenyewe unaeleza sababu. Panga hukata pale linapogusa, tena waweza kulikimbia. Risasi, hasa ya bunduki ya kivita, huharibu hata nyama ambayo haikuigusa. Tundu la nje laweza kuwa dogo kama kifungo cha shati, kumbe ndani ini limepasuka.

Lakini woga huo usikufanye udharau kisu cha jikoni. Kikikata mshipa mkubwa wa paja, mtu aweza kufa kwa dakika chache, kabla hujapata gari. Gandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usikiinue kila mara kuchungulia. Kisu kikiwa kimekwama mwilini, kiache. Huenda ndicho kinachozuia damu.

Wengi hukimbilia polisi kwanza kutafuta fomu ya P3, majeruhi akiendelea kuvuja damu. Hilo ni kosa kubwa. Mpeleke hospitali, P3 itajazwa baadaye. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.