Barua ya Mwanafunzi wa Singida kwa Darasa la Mbali

Mwanafunzi wa shule ya msingi anapotakiwa kuandika barua ya kuitambulisha nchi yake kwa wanafunzi wa ng'ambo, kalamu yake aghalabu hukimbilia mlima Kilimanjaro, simba wa Serengeti na fukwe za Unguja, hata akiwa amezaliwa na kulelewa katika Mkoa wa Singida, mbali na mlima ule, na bahari hajapata kuiona ila katika picha. Hakusema uongo, maana Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895 nao ni wetu sote. Walakini maneno yake yangaliweza kunakiliwa na mtoto wa Ulaya kutoka kitabu chochote cha jiografia, na yule rafiki wa mbali, akiisha kuyasoma, hubaki hajui barua imetoka kwa nani.

Singida haikukosa watu wa kuandikiana nao. Mji wa Singida una urafiki rasmi na mji wa Salzburg, nchini Austria, tangu mwaka 1984. Kabla ya hapo, wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walikwisha kufika Iramba, mkoani humo, katika miaka ya 1920 wakafungua shule na hospitali. Na vijana wa Kimarekani wa kujitolea, walioanza kuja Tanganyika mwaka 1961, wamekuwa wakifundisha katika shule za nchi hii, na baadhi yao walikuwa na madarasa ya kwao yenye hamu ya kusikia habari za huku. Barua iliyokuwa ikisafiri majuma mengi sasa hufika kwa simu ya mwalimu kabla chai haijapoa. Njia ipo basi. Linalotupasa kulitazama ni kile kinachopitishwa humo, na mkono wa nani hukipitisha.

Kazi ya kuwaeleza wageni mambo ya kwetu ina historia ndefu, na si yote ya furaha. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, mbele ya Wajerumani ambao wengi wao walikuwa wakijitayarisha kuja kututawala. Maandishi yake na ya wenziwe juu ya ndoa, jando, ngoma, safari na maziko ndiyo yaliyokuwa shina la kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903. Lakini jina lililotiwa juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten, aliyeyakusanya. Wanafunzi wa Kijerumani waliona unyonge kufundishwa na mtu mweusi, wakamvunjia heshima hata akaiacha kazi ile, na alipotaka kurejea kwao pamoja na mkewe wa Kijerumani, serikali ya koloni ilimzuia. Akarudi Ujerumani na kufariki huko mwaka 1927. Jina lake halikukaa mahali pake juu ya jalada mpaka ilipochapwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981. Aliijua desturi kuliko wote waliomzunguka, akaieleza kwa ufasaha, na sifa ikaenda kwa mwingine.

Naikumbuka habari hiyo kila niionapo barua ya shule ambayo mwalimu ameiandika ubaoni na watoto arobaini wakainakili neno kwa neno, kila mmoja akidai kwamba chakula akipendacho ni wali na samaki. Mwalimu hana nia mbaya. Achelea makosa ya sarufi yasije yakaiaibisha shule. Lakini barua ile ni yake yeye, na afadhali makosa kumi ya mtoto kuliko usahihi wa mtu mzima aliyemkalia mtoto kalamuni.

Tuseme sasa kalamu ameachiwa mwenyewe, ataandika nini? Mtoto wa Singida mjini aweza kuanza na mawe makubwa yaliyolaliana kandokando ya mji, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, na heroe wasimamao ndani ya maji ya chumvi. Mwenzake wa Salzburg atalishangaa neno hilo la chumvi, kwa kuwa mji wao nao ulitajirika kwa chumvi iliyochimbwa milimani, na hapo maongezi yamekwisha kupata mlango. Mtoto wa Ikungi ataeleza mashamba ya alizeti yanavyogeuka manjano mvua zikikaribia kwisha, mbegu zinavyovunwa na kupelekwa mashineni, mafuta yakaenda sokoni na mifugo wakalishwa mashudu. Wa Itigi ana kichaka chake, msitu mfupi uliosongamana hata mtu hupenya kwa taabu, ambao wataalamu wa mimea huuhesabu kuwa wa nadra duniani, na mfano wake hupatikana kaskazini mwa Zambia. Kijana aliye na babu Iramba aulize habari za Sekenke, palipogunduliwa dhahabu: Wajerumani, walipozingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza, waliitumia dhahabu hiyo kupiga sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo huko Tabora mwaka 1916, na sarafu hizo leo zimo mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya. Na mtoto wa Kinyaturu asisahau kumtaja Liti Kidanka, mwanamke ambaye masimulizi ya wazee husema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, na ambaye uwanja wa mpira wa Singida umepewa jina lake.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni kubwa, ingawa wenyeji wamelizoea hata hawalioni. Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Wabarbaig husema ya Kinailoti. Wairaqw, majirani wa upande wa Mbulu, ya Kikushi. Na Wahadzabe wa Mkalama, karibu na bonde la Ziwa Eyasi, wana lugha ya vidoko ambayo haijathibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote ulimwenguni. Ni pachache duniani ambapo koo za lugha zilizo mbali kiasi hicho hukutana katika masoko yale yale. Mwanafunzi aliyeketi dawati moja na Mbarbaig na Mnyiramba, na wote wakazungumza Kiswahili, anacho cha kufundisha ambacho profesa wa Vienna angepanda ndege kukifuata.

Shule yenyewe nayo ni habari. Mtoto ataje rimu la gari lining'inialo mwembeni likipigwa badala ya kengele, mchakamchaka wa alfajiri, zamu za kufagia na kuchota maji, na paredi ambayo mwalimu wa zamu hukagua kucha. Aeleze kwamba mwaka wa masomo huanza Januari, ilhali wa Austria huanza Septemba. Kwamba shule ya msingi husomesha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Na kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hata saa moja ya asubuhi kwetu huwa saba katika saa zao za ukutani. Madarasa yakitaka kuonana kwa video, ni vema mwalimu akumbuke kwamba sisi huwatangulia saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto, asije akawaamsha watu kitandani.

Juu ya lugha ya barua nina rai ambayo najua si wote wataikubali. Watoto wa Salzburg husema Kijerumani na wetu Kiswahili. Kiingereza ni mgeni katika nyumba zote mbili. Mtoto na aandike kwanza kwa Kiswahili, ambamo fikra zake hazichechemei, kisha watu wazima wa pande zote wajishughulishe na kufasiri. Akilazimishwa kuanza na Kiingereza cha darasa la tano, atasema yale tu ambayo msamiati wake unaruhusu, na hayo ni machache mno.

Kuhusu maombi nitasema kwa ufupi. Uchache wa madawati ni kweli, na kweli haifichwi; lakini barua inayofunguliwa kwa salamu na kufungwa kwa orodha ya madaftari na mipira humfanya mwandikiwa kuwa mfadhili kabla hajawa rafiki, na humzoeza mtoto wetu kujiona kwa upungufu wake. Kadhalika picha: ya mtoto aliyevaa nguo iliyochanika isipelekwe ili kuvuta huruma, wala ya mtoto yeyote bila idhini ya wazazi wake, na chini ya barua jina la kwanza latosha.

Badala ya maombi, barua ijae maswali. Ng'ombe wa Austria hula nini theluji ikiyafunika malisho? Wazee wenu hukaa na nani? Mto wenu wa Salzach ukifurika, shule hufungwa? Darasa linaloulizwa hulazimika kujifunza habari zake lenyewe, kama vile la Singida lilivyolazimika kwenda kwa babu wa Iramba kuuliza habari za Sekenke, na hapo ndipo pande zote mbili huketi sawa.

Nawasihi walimu wa Singida, barua ya safari hii ifutwe ubaoni. Wapeni watoto juma zima, watumeni nyumbani wakawaulize bibi zao tembe ilijengwaje na mlenda hupikwaje, na watakayorudi nayo yatieni katika bahasha kama yalivyo.