Muziki mu simu: mbele ya kununua DAC, uliza masikio yako

Jioni mu Ruashi, tangu Matoleo mpaka Kalukuluku, ukiangalia watu wenye kutoka kazini, wengi wako na waya mu masikio. Ile redio-kaseti ya wazee, yenye ilikuwa inakaa juu ya meza na kitambaa chake cheupe, imemaliza siku zake. Simu njo redio, njo kaseti, njo bafle. Na sasa kumeingia vitu vingine: vijidude vidogo vya kuchomeka chini ya simu, vyenye wanaita DAC, tena ampli za mufukoni na kaske kubwa zenye kufunika sikio lote. Muuzishaji anasema: chomeka hii, utasikia sawa vile uko mu studio. Na juu watu wanafikiri kila mutu wa mine ana franka (siku ya malipo, labda), mutu wa mine njo anaitwa wa kwanza.

Vile vitu si uongo. Kuko vyenye kusaidia kweli. Lakini vinasaidia mahali fulani tu, na watu wengi wanaanza kununua ku mwisho wa njia pahali pa kuanza ku mwanzo.

Mu simu, wimbo haukai sawa sauti. Unakaa sawa namba. DAC kazi yake ni kugeuza zile namba ziwe kura ndogo yenye kucheza mu waya, kisha ekutere inageuza ile kura kuwa upepo wenye kutetemeka mu sikio. Basi kila simu yenye kutoa sauti iko na DAC yake ndani tayari, ata ile ya bei ya chini kabisa. Ukiambiwa "simu yako haina DAC", jua wanataka kukuuzishia ya pili.

Ile ya pili inafaa lini? Kwanza, kama simu yako haina tena tundu la muviringo la ekutere. Apple iliondoa lile tundu mwaka 2016 na iPhone 7, na kampuni zingine zikafuata moja moja. Simu nyingi za bei ndogo bado ziko nalo, na mwenye nalo asione haya: lile tundu, kwa ekutere za kawaida, linatosha kabisa. Pili, kama ukivaa ekutere bila wimbo kupiga unasikia "shhh" ama makelele madogo ya simu yenyewe. Hapo DAC ya inje itasafisha. Tatu, kama uko na kaske nzito ya studio. Tutaifikia.

Lakini angalia adaptatere. Ku soko utakuta tupande tuwili tunafanana sawa mapacha: upande mumoja USB-C, upande mungine tundu la ekutere. Kamoja kako na DAC ndani yake. Kengine hakana kitu, ni waya tu. Kanangoja simu itoe sauti yenyewe kupitia ku USB-C, na simu nyingi hazifanye vile. Njo maana mutu ananunua, anafika ku nyumba, simu inanyamaza, anarudi na hasira. Muuzishaji naye anaweza kuwa hakujua. Dawa ni moja: peleka simu yako mwenyewe na ekutere yako, chomeka pale pale, piga wimbo, toa franka nyuma. Ile adaptatere ya Apple yenyewe ni DAC kamili, na kule Marekani inauzishwa dola 9. Watu wenye kupima vyombo vya sauti wameikuta safi kuliko vitu vya bei mara kumi. Kwa hiyo bei kubwa peke yake haisemi kitu.

Tena DAC ya inje inakula batiri ya simu, juu haina batiri yake. Na tundu ni moja: ukisikiliza, hauwezi kuchaji, isipokuwa adaptatere iko na mudomo wa pili. Mu mutaa wenye kura ya SNEL inaenda na inarudi vile inapenda, hilo si jambo dogo. Mutu mwenye kuacha simu ifariki usiku juu ya muziki, asubuhi chef wa ekipe akimutafuta hamupate, ataeleza nini?

Turudi ku mwanzo wa njia, maana pale njo sauti inapotea zaidi. Wimbo wa dakika 4, ukiwa MP3 ya 128, unabeba karibu mega 4. Ukiwa MP3 ya 320, karibu mega 10. Wimbo ule ule vile uko ku CD, bila kukatwa kitu, unabeba mega 42. Kuna namna ya kuufunga inaitwa FLAC, yenye kuupunguza karibu nusu bila kutupa kitu ata kimoja. Sasa mu Ruashi tunapata wimbo namna gani? Rafiki alishausha ku video, akageuza MP3, akatuma ku Bluetooth, mungine akageuza tena juu ulikuwa muzito. Kila kugeuza kunakata kipande, na kipande chenye kimekatwa hakirudi tena. Sebene inafika imechoka, sahani za batri zinapiga "tsii tsii" sawa maji ku mafuta ya moto. Uweke DAC ya dola 100 pale, utasikia muzuri zaidi namna wimbo umeharibika.

Sisi tunaona MP3 ya 320 inatosha mutu mwenye kusikiliza njiani. Kama hausadiki, fanyeni hili ku nyumba: weka wimbo mumoja, kopi mbili, nyepesi na nzito, mwambie mama wa nyumba akuchezeshee bila kukuonyesha, mara kumi, ukisie ni gani. Lakini sauti zote mbili zipande sawasawa, maana sikio linapenda chenye kupiga nguvu na linakidhani ni kizuri zaidi. Wauzishaji wanajua ile siri: chombo kipya wanakipandisha kidogo tu kuliko cha zamani, na mununuzi anatoa kichwa "eeh, hii njo sauti!"

Nyuma ya wimbo, kitu cha pili ni ekutere, na ndani ya ekutere, kile kipira. Ndiyo, kipira cha mwisho chenye kuingia mu sikio. Mu pakiti mara mingi kuko tatu, kidogo, cha katikati na kikubwa, na watu wanavaa chenye kilikuwa juu tayari, vingine vinatupwa na karatasi. Kama kipira hakizibe, bass inatoroka yote, na mutu anapandisha volume kuitafuta. Jaribu vyote vitatu. Na sikio la kuume na la kushoto si lazima yafanane. Mu siku za jua kali, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, vumbi yetu nyekundu inajaa mu tundu la simu na mu kichujio cha ekutere. Sauti ikianza kukatika ama upande mumoja kushuka, safisha kwanza na kijiti kikavu cha meno, polepole, simu ikiwa imezimwa. Maji hapana. Watu wametupa ekutere nzima juu ya vumbi.

Na ampli? Kila ekutere iko na namba ya ohm, yenye kuonyesha namna inakataza kura kupita. Ekutere za kawaida ziko na ohm 16 ama 32, na simu inazisukuma bila shida. Lakini kaske za studio, zile wapiga sauti wa kanisa na vijana wenye kurekodi wanatafuta, kuko zenye kufika 250 ama 300. Ile DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mufano, inatoka ya 32, ya 80 na ya 250, na kwa macho zinakaribia kufanana. Ukinunua ya 250 na kuiweka ku simu, itapiga sawa mutu mwenye kusemea mu shimo. Hapo njo ampli ina kazi. Kama kaske yako ni ya 32, acha franka ya ampli ilipe minerval.

Neno moja kwa wenye kupigisha simu ku mixeur ya kanisa: ikilia "mmm" wakati unachaji, si simu yenye kuugua. Ni makelele ya sharjere inapita mu waya. Chomoa sharjere, itanyamaza.

Sasa tufike ku jambo lenye kutufanya tuandike haya yote.

Mutu wa mine sikio lake limekwisha kufanya kazi mbele ya kufika ku wimbo. Mashini ya kutoboa majiwe, kamyo, grupu, kiponda-majiwe: siku nzima. Akitoka, masikio yanaziba sawa vile yameingia maji, ama yanalia "tiii". Hiyo ni alama kama sikio limechoka, na kwa saa kadhaa linasikia chini kuliko kawaida yake. Saa ile ile njo anavaa ekutere. Wimbo unaonekana mudogo, anapandisha. Anapandisha juu sikio haliambie kweli, na linapokea kipigo cha pili juu ya cha kwanza. Asubuhi anarudi ku mashini. Mu Marekani, sheria ya kazi inasema mutu anayepimwa masikio kwa mara ya kwanza akae kwanza saa 14 mbali na makelele ya kazi, ama akae na vizibo, juu bila vile kipimo kitadanganya. Sikio lenye kudanganya munganga, litakudanganya na wewe mwenye kupandisha volume.

Shirika la Afya Duniani linasema: sauti ya desibeli 80, mutu anaweza kuisikiliza saa 40 mu juma. Ikipanda desibeli 3 tu, saa zinakatika nusu: 20. Ikifika 90, zinabaki 4 kwa juma nzima. Na ile hesabu ni ya mutu mwenye kukaa mahali pa utulivu siku zingine. Hesabu ya muchimbaji inaanza ikiwa imekwisha kuliwa ku chantier.

Ndani ya sikio kuko chembe zenye nywele ndogo ndogo, karibu 15 000 kila upande, zenye kupokea sauti. Zikikufa, hazioti tena, na hakuna dawa ya kuziotesha. Makelele ya kazi yanaanza kuua zile za sauti nyembamba. Kwa hiyo mutu hawi kiziwi siku moja. Anasikia kama unasema, lakini haelewi umesema nini. "S" na "f" zinapotea, sauti ya mutoto na ya mwanamuke zinakuwa sawa uji. Mu nyumba wanasema "papa anajifanya hasikii". Na ku muziki anasema ekutere zake zimekufa, hazina tena "tsii" ya juu, anaenda kununua zingine, kisha DAC, kisha ampli. Mbele ya kununua, mupe mutoto wako wa miaka 15 zile ekutere. Kama yeye anasikia sahani za batri safi na wewe hapana, chombo ni kizima. Tafuta munganga wa ORL.

Hapa njo tunaona kaske nzuri ama kipira chenye kuziba vina thamani yao ya kweli: vinazuia makelele ya inje, na unaweza kusikiliza volume ya nusu bila kukosa kitu. Mutu akiwa karibu nawe, mukono mumoja tu, na anapaswa kukulalamikia ndipo umusikie, iko juu sana. Na chunga: ekutere ya muziki si kizibo cha kazi. Kuivaa pa mashini, unaongeza wimbo juu ya makelele. Kuivaa mu barabara ya makamyo, ama mu karieri, hausikie honi wala mwenzako mwenye kupiga kelele kama ukuta wa udongo unashuka. Franka ya DAC hairudishi mutu pale.

Kwa wenye kutaka kupima vyombo vyao, tunawapa wimbo wa kwetu. Jean Bosco Mwenda, muzaliwa wa Bunkeya, mwaka 1930. Mu 1952 Hugh Tracey alimukuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akarekodi gitaa yake, na "Masanga" ikaenda mu dunia yote. Ni gitaa moja tu, lakini kidole gumba kinashika bass, kingine kinacheza juu, na mu ekutere mbaya zile sauti mbili zinachanganyika kuwa moja. Mu ekutere nzuri zinaachana, unaweza kufuata gumba peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Musitafute upande wa kushoto na wa kuume, hapana stereo mu rekodi ile. Na ule mukwaruzo wa chini unatoka ku sahani ya zamani yenyewe. Hakuna DAC ya kuuondoa. Pigeni volume chini, siku ya mapumuziko asubuhi, mbele grupu ya jirani haijawashwa.