Uvimbe Mweusi wa Fuvu la Mtoto

Uko uvimbe wa nadra sana uwapatao watoto wachanga kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Aghalabu huota katika taya la juu, na mara chache katika fuvu lenyewe. Daktari Edmund Krompecher wa Hungaria aliueleza mwaka 1918.

Chembe zake hutoa ile rangi iipayo ngozi yetu weusi. Weusi huo huwatisha wazazi, wala si ajabu, lakini mara nyingi uvimbe huu si saratani. Hatari yake ni kukua upesi: kwa majuma machache tu huweza kuula mfupa na kuugusa utando ufunikao ubongo. Basi yafaa mtoto apelekwe hospitali mapema.

Dawa yake ni kupasuliwa. Baada ya picha za kichwa kupigwa, na kipande kidogo kuchunguzwa kwa hadubini, daktari huondoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa mfupa mzima unaouzunguka. Kikibaki kidogo, huweza kuota tena. Tundu libakilo lisiwatie hofu wazazi kupita kiasi, maana mfupa wa mtoto mchanga huweza kujijenga upya. Lakini mtoto na arudishwe kutazamwa kila daktari anapoagiza, hasa katika miezi ya kwanza, hata kama kidonda kimepona vizuri.