Jina la Ugonjwa na Sahani ya Mgonjwa: Lishe na Maumivu ya Neva Yatokanayo na Kisukari Kiamunyi, Nakuru

Utangulizi

Ugonjwa wa kisukari umepewa jina ambalo, ingawa linamtosheleza tabibu, aghalabu humpotosha mlaji. Mgonjwa anapoelezwa kwamba ana sukari, jambo la kwanza analolifanya ni kuacha kuitia sukari katika chai. Kitendo hicho ni chema, lakini mara nyingi ndicho cha kwanza na ndicho cha mwisho. Ugali hubaki ulivyokuwa, viazi hubaki vilivyokuwa, na chapati za Jumapili hazipunguzwi hata moja. Baada ya miaka kadhaa nyayo huanza kuwaka moto usiku, naye mgonjwa hustaajabu: ikiwa sukari aliiacha zamani, maumivu haya yametoka wapi?

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya lishe na maumivu ya neva yanayosababishwa na kisukari. Mifano yake inatokana na vyakula vya kawaida vya Kiamunyi, mtaa ulio magharibi mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Hapa mji na shamba hukutana. Nyuma ya nyumba nyingi pana kishamba cha mahindi na sukuma wiki, na wakazi wanatoka katika jamii mbalimbali, kila moja na mapishi yake. Hoja ya msingi ni kwamba lishe ifaayo kwa neva haihusu kijiko cha sukari peke yake bali sahani nzima, na kwamba maneno yanayotumiwa kumweleza mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake.

Dhana ya Neva na Lugha ya Maumivu

Katika Kiswahili cha kila siku, neno mishipa hubebeshwa mzigo mkubwa. Mishipa ni njia za damu. Mishipa pia ni neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari baina ya ubongo na viungo. Kwa hivyo, mgonjwa anayeambiwa kuwa mishipa ya miguu yake imeharibika anaweza kudhani kwamba damu imeganda au msuli umekaza, akaenda kukandwa. Istilahi neva, au mishipa ya fahamu, inastahili kutumiwa waziwazi ili kuondoa utata huo.

Neva huharibika vipi? Glukosi inapozidi katika damu kwa muda mrefu, huvuruga utendaji wa chembe za neva. Aidha, hudhuru mishipa midogo ya damu inayozilisha neva hizo, hata zikapungukiwa na oksijeni na virutubishi. Neva ndefu ndizo zinazotangulia kuathirika, na zilizo ndefu kuliko zote ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana tatizo huanzia nyayoni, likapanda hadi kwenye vifundo na miundi mithili ya soksi, na baadaye likagusa vidole vya mikono. Inakadiriwa kwamba hadi nusu ya watu wenye kisukari hupatwa na hitilafu ya neva wakati fulani maishani, ingawa si wote wanaohisi maumivu.

Kiswahili kina utajiri wa kuieleza hali hii. Wasemaji husema kwamba miguu inawaka moto, inachomwachomwa na sindano, inatambaliwa na sisimizi, imekufa ganzi, au kwamba wanatembea kana kwamba wanakanyaga pamba. Kauli hizi hazina maana moja. Kuwaka na kuchoma huashiria neva ambazo zinadhurika lakini zingali zikipiga kelele. Ganzi huashiria neva zilizonyamaza. Mgonjwa ambaye maumivu yake yametoweka huku ganzi ikienea anaweza kushangilia kupona, kumbe hisia ndiyo iliyokufa. Mguu wa namna hiyo hauhisi kaa la jiko wala mwiba wa shambani, na kidonda kidogo kisichotambuliwa mapema kinaweza kuishia katika kukatwa kwa mguu.

Kutoka Sukari hadi Wanga

Kiswahili si lugha pekee iliyoupa ugonjwa huu jina tamu. Neno mellitus katika jina lake la kitaalamu ni la Kilatini, na maana yake ni kilichotiwa utamu wa asali. Majina yote mawili yanataja kinachoonekana katika damu au mkojo wa mgonjwa. Hayataji kilichokuwa sahani mwake. Ugali, wali, viazi, chapati na mandazi vyote ni wanga, nao wanga humeng'enywa ukawa glukosi. Mwili hauulizi kama glukosi hiyo imetoka katika kopo la sukari au katika gunia la mahindi.

Umuhimu wa kuidhibiti glukosi ulithibitishwa na utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza walihusishwa. Waliodhibiti glukosi yao kwa makini walipunguza hatari ya kuharibika kwa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea zaidi miongoni mwa watu wazima, faida hiyo imeonekana kuwa ndogo zaidi, kwa kuwa unene, mafuta katika damu na shinikizo la damu pia huchangia kuzidhuru neva. Kwa hiyo, mgonjwa wa aina ya pili anahitaji kuangalia wanga, na papo hapo kuangalia mafuta na uzito wa mwili.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, uliangalia maumivu yenyewe. Watu wazima 35 wenye kisukari cha aina ya pili na maumivu ya neva waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilikula vyakula vya mimea visivyo na mafuta mengi kwa wiki 20, huku makundi yote mawili yakipewa vitamini B12. Waliobadilisha chakula walipungua uzito, na maumivu yao yakapungua pia. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo mno kuweza kutoa uamuzi wa mwisho. Hata hivyo, matokeo hayo yanatia moyo, hasa kwa kuwa maharagwe, kunde, ndengu na mboga za majani si vyakula vigeni katika soko lolote la Nakuru.

Sahani ya Kiamunyi

Mwongozo ulio rahisi kufuata ni wa kuigawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe chakula cha protini kama vile maharagwe, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki iwe wanga. Katika nyumba nyingi mgawanyo huu umepinduliwa: ugali hujaza sahani na mboga huwekwa pembeni kama kitoweo cha kusukumia tonge. Si ajabu kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa takriban watu wazima 94 kati ya kila 100 nchini Kenya hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa.

Githeri ni mfano mzuri wa chakula cha nyumbani kinachoweza kumfaa mgonjwa. Mahindi mazima yaliyochanganywa na maharagwe humeng'enywa polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini, hivyo glukosi huingia katika damu pole pole. Sharti ni kwamba maharagwe yazidi mahindi, na viazi visijazwe humo. Mukimo, kwa upande mwingine, huwa na viazi vingi vilivyopondwa, na kuponda huharakisha umeng'enyaji. Haupaswi kupigwa marufuku, ila kipimo chake kinafaa kuwa kidogo na mboga za kando ziwe nyingi. Mnavu, mchicha, kunde na sukuma wiki hufaa, mradi zisikaangwe kwa mafuta mengi.

Kuna imani tatu zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba ugali wa unga usiokobolewa unaweza kuliwa bila kipimo. Unga huo una nyuzinyuzi na vitamini B1 zaidi, na ni bora kuliko uliokobolewa, lakini ungali wanga. Ya pili inahusu uji wa wimbi: sifa zake ni za kweli, ila kikombe kikubwa hupandisha glukosi sawa na vyakula vingine vya wanga. Ya tatu ni kwamba asali si sukari. Jina la Kilatini lililotajwa hapo juu linatosha kuwa jibu.

Pombe nayo isisahauliwe. Iwe ni ya chupa au chang'aa, huzidhuru neva moja kwa moja, na mnywaji wa kupindukia mara nyingi hukosa vitamini B1 ambayo neva huihitaji.

Vitamini B12 na Dawa ya Metifomini

Metifomini ni dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, na ni dawa nzuri. Hata hivyo, ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza uwezo wa mwili wa kufyonza vitamini B12. Vitamini hii huhitajika katika utunzaji wa ala inayoifunika neva. Ikipungua, huleta ganzi na kuchomwachomwa kunakofanana kabisa na kule kunakoletwa na kisukari. Kwa kuwa ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, upungufu hujificha kwa muda mrefu, na unapojitokeza, lawama yote huweza kutupiwa kisukari.

Vitamini B12 hupatikana kiasili katika vyakula vitokanavyo na wanyama: maini, nyama, samaki, omena, mayai na maziwa, yakiwemo maziwa ya mala na mursik. Mgonjwa anayeegemea vyakula vya mimea pekee anahitaji kuipata vitamini hii kwa njia nyingine. Anayetumia metifomini na kuhisi ganzi hapaswi kuiacha dawa. Anapaswa kumwomba daktari ampime kiwango cha B12. Upungufu ukithibitishwa, hutibiwa kwa vidonge au sindano.

Tahadhari

Lishe ina mipaka. Haifufui neva iliyokufa, wala haichukui nafasi ya dawa za maumivu ambazo daktari huandika, kama vile amitriptilini na gabapentini. Mgonjwa anayetumia insulini akipunguza wanga ghafla bila kurekebishiwa dawa, glukosi inaweza kushuka mno hata akazirai.

Jambo la pili halijulikani sana. Glukosi iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa kwa kasi, maumivu ya neva yanaweza kuzidi kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Mgonjwa asiyejua haya huona kwamba ameanza kula vizuri na miguu imezidi kuwaka, akakata tamaa na kuirudia sahani ya zamani. Kumwonya mapema, na kushusha glukosi hatua kwa hatua chini ya uangalizi, ni kumlinda dhidi ya uamuzi huo.

Tatu, vidonge vya vitamini visinunuliwe kiholela. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu zile zile neva zinazokusudiwa kuponywa. Asidi ya alfa-lipoiki, ambayo husifiwa sana, ilichunguzwa katika mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2024, na ikaonekana kwamba huenda ina athari ndogo au haina kabisa baada ya miezi sita.

Hitimisho

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa neva huonekana kwanza nyayoni. Mkazi wa Kiamunyi hahitaji chakula cha kuagizwa kutoka mbali: maharagwe, mboga, mayai na maziwa vimo katika mazingira yake. Anachohitaji ni kipimo, uchunguzi wa damu, ukaguzi wa miguu kila siku, na maelezo yanayoeleweka. Hapo ndipo wanaosomea Kiswahili wana wajibu. Mwongozo wa afya ukisema tu kwamba mgonjwa aepuke sukari, umemwachia ugali wote. Ukitaja wanga kwa majina ya vyakula vyenyewe, ukatenganisha neva na mishipa ya damu, na ukaeleza tofauti ya kuwaka moto na kufa ganzi, huenda ukamwokoa mtu mguu wake.