Kuzuia Mtandao na Kuukata ni Mambo Mawili

Wachuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, wanaojua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kukwepa vizuizi vya intaneti, huniuliza mara kwa mara: “Mtandao ukifungwa, wewe unaufunguaje?” Jibu langu ni kwamba siufungui. Kuna kuzuia na kuna kukata, na watu wengi huyachanganya.

Tuanze na kuzuia. Simu yako inapotaka kufika kwenye X, hutuma ombi lenye anwani, mfano wa barua. Barua hiyo hupitia kwa kampuni ya simu. Kampuni ikiamriwa, husoma anwani na kuitupa, bila hata kuifungua bahasha. Hapa nchini tuliona WhatsApp na Twitter zikigoma kuelekea uchaguzi wa Oktoba 28, 2020, na X ikazuiwa Mei 2025. Programu zetu huitia barua hiyo ndani ya bahasha nyingine, yenye anwani ya mtu asiyezuiwa, naye huitoa huko aliko na kuifikisha.

Lakini wakaguzi nao si wajinga. Hujifunza kuitambua bahasha yetu kwa umbo lake. Hapo ndipo kazi inaponoga. Tor, mradi ulioanzia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, una njia iitwayo Snowflake. Mtu wa kujitolea, popote duniani, huazimisha kompyuta yake ipitishe mawasiliano yako, nayo kwa nje huonekana kama simu ya video. Wanaojitolea ni wengi na hubadilika daima; ukimfungia mmoja, wengine wapo.

Mchango wangu ni kuipunguzia programu uzito. Bahasha mbili hula bando zaidi ya moja, na mvuvi wa Ukerewe anayeulizia bei ya sangara kwa simu ya bei nafuu hana bando la kuchezea.

Aidha, chunga unayempa barua. Mwenye VPN ya bure anaweza kuona unakokwenda, na wapo wanaouza habari hizo. Tena, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wazisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Ulijue hilo kabla ya kupakua.

Sasa kukata. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikarejea Novemba 3. Hapo bahasha ya pili haisaidii kitu, maana mashua yenyewe haikung'oa nanga. Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilionja yote mawili: Januari 2021 ilikatiwa intaneti siku kadhaa, na iliporudi, Facebook ikabaki imezuiwa.

Linaloninyima usingizi ni hili: kadiri tunavyokwepa kuzuia, ndivyo mwenye swichi anavyoweza kushawishika kukata, na anayekata huzima pia biashara na benki. Wapo wenzetu wanaotengeneza programu kama Briar, inayopeleka ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Nayo hufika makumi ya mita tu, na Ukerewe ni safari ya saa kadhaa kwa meli.