Mkutano Ukihamia Kwenye Simu, Je, Sauti ya Mama Itasikika?

Ni nani kati yetu akina mama asiyejua kazi ya mkutano wa kijiji? Hapo ndipo huzungumzwa mchango wa darasa jipya, mahali pa kuchimba kisima, na nani apewe kipande cha ardhi ya kijiji. Mwenyekiti hukaa mbele pamoja na wajumbe wake, mtendaji husoma mapato na matumizi, na mwenye neno hunyosha mkono. Mama aliyetoka shambani na jembe lake aweza kusimama pembeni, mtoto mgongoni, na akiona mambo yanakwenda mrama husema, "Mwenyekiti, naomba nafasi." Hapo hata wanaume waliokuwa wakinong'onezana hunyamaza wamsikilize.

Sasa tujiulize. Yakija maradhi ya kuambukiza na watu wakakatazwa kukusanyika, je, shughuli hizo zitasimama? Na kama hazitasimama, zitafanyiwa wapi, na nani atakuwepo? Hebu tufikiri pamoja, kwa maana jambo hili linahusu shamba letu, shule ya watoto wetu na maji tunayobeba kichwani.

Si habari ya mbali

Sisi wa Kibimba hatuwezi kusema kwamba haya ni mambo ya watu wa mijini. Wilaya yetu ya Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, malori ya kwenda Rusumo yanapita humu usiku na mchana, na Biharamulo ni jirani zetu.

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa, huko Arusha. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na watoto wetu wa shule za msingi walikaa nyumbani hadi mwisho wa mwezi Juni. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea Bukoba, mkoani mwetu Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafa. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba Marburg imeonekana Biharamulo. Wawili walithibitishwa kwa vipimo, na wanane wengine walihesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote kumi walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 ndipo ilipotangazwa kwamba mlipuko umekwisha.

Milipuko mitatu katika miaka mitano! Mwenye nyumba ya nyasi hangoji mvua inyeshe ndipo apande juu kuezeka. Vivyo hivyo, hatuna budi kupatana sasa, tukiwa na afya, namna ya kuendesha mambo ya kijiji siku tutakapoambiwa tusikusanyike.

Wakubwa walifanyaje?

Katika mwaka 2020 wakuu wengi wa dunia walijikuta mbele ya swali hilohilo. Bunge letu la Dodoma lilianza mkutano wake wa bajeti tarehe 31 Machi 2020. Wabunge hawakuruhusiwa kujaa wote ukumbini. Wapatao 150 tu waliingia kwa wakati mmoja, na wengine walifuatilia wakiwa katika kumbi nyingine, huku wakitumia vishikwambi, yaani zile kompyuta ndogo bapa za kushika mkononi. Wageni waliozoea kuja kutazama walisimamishwa. Kazi ya Bunge iliendelea, lakini mwananchi wa kawaida alibaki nje ya mlango.

Tarehe 12 Mei mwaka huohuo viongozi wa Afrika Mashariki walifanya mkutano kwa njia ya video, Rais Paul Kagame wa Rwanda akiwa mwenyekiti. Kenya, Uganda na Sudan Kusini zilishiriki. Tanzania na Burundi hazikuwamo. Moja ya mambo yaliyozungumzwa ni upimaji wa madereva wa malori mipakani. Siku hizo Rwanda ilikuwa imetaka malori yabadilishwe madereva mpakani, na madereva wa Tanzania walikuwa wakilalamika pale Rusumo, wilayani mwetu. Basi jambo lililotugusa sisi wa Ngara lilizungumzwa katika mkutano ambao nchi yetu haikuwamo. Tulishike fundisho hilo: asiyekuwepo mkutanoni huzungumziwa na wengine.

Nchini Uingereza sheria iliyoanza kutumika tarehe 4 Aprili 2020 iliziruhusu halmashauri zote, kuanzia zile za majiji makubwa kama London hadi zile ndogo za vijijini, kukutana kila mjumbe akiwa nyumbani kwake mbele ya kompyuta. Mwananchi naye alipaswa kupewa njia ya kusikia. Ruhusa hiyo ilikwisha tarehe 7 Mei 2021, na halmashauri zikatakiwa kurudi ukumbini, ingawa baadhi ya wajumbe waliomba iendelee.

Katika kipindi hicho, kamati moja ya mji mdogo wa Handforth ilikutana kwa njia hiyo Desemba 2020. Bibi mmoja aitwaye Jackie Weaver aliitwa kusaidia kuendesha kikao. Mwenyekiti alipomkatalia na kumwambia hana mamlaka, bibi huyo alibonyeza kitufe, na mwenyekiti akatoweka kwenye mkutano! Wengine wawili walitolewa baada yake. Picha za kikao hicho zilitazamwa na mamilioni ya watu Februari 2021, na wengi walicheka sana.

Sisi nasi tulicheke, lakini tusiishie hapo. Katika mkutano wa uwanjani, kumtoa mtu ni kazi: lazima ashikwe mkono, na watu wote wanaona na kuuliza sababu. Katika mkutano wa simu, kidole kimoja tu kinatosha. Leo kidole hicho kimemtoa mgomvi. Kesho je, hakitamtoa mama anayeuliza habari za fedha za kisima? Hata hivyo kuna upande wa pili. Kwa kuwa kikao kile kilirekodiwa, watu wote walijua kilichotokea. Mkutano wa mbali unaweza kuficha mambo, na unaweza pia kuyafichua. Inategemea kanuni zilizowekwa.

Faida yake kwa mama

Tusiwe watu wa kukataa kila kipya. Mkutano wa mbali una faida zake, na mama anaweza kuwa wa kwanza kuziona. Tarehe 7 Agosti 2019, huko Nairobi, mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale aliingia bungeni akiwa na mtoto wake mchanga, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Aliamriwa kutoka nje. Haukupita mwaka, korona ikaja, na watu wenye vyeo katika nchi nyingi wakafanya vikao wakiwa nyumbani kwao, watoto wao wakipita nyuma yao, na hakuna aliyewafukuza.

Ni akina mama wangapi kwetu wanaokosa mkutano kwa sababu wana mtoto mchanga, au wanauguza mzee, au mkutano umeitwa saa ya kuteka maji? Mama wa namna hiyo angeweza kusikiliza kwa simu huku maharage yakichemka jikoni. Hilo ni jema, nasi tunalitamani.

Simu ni ya nani?

Lakini tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na ni ya baba. Mara nyingi ni ile simu ndogo ya tochi, isiyopokea picha wala video. Yenye kioo kikubwa inahitaji bando, na bando ni bei ya sabuni. Umeme usipokuwepo, simu hupelekwa kuchajiwa kwa kulipia. Mtandao nao hupotea ukishuka bondeni, hata upande tena mlimani ndipo uupate. Mkutano ukihamia kwenye simu, basi wengi watakaohudhuria ni wanaume wenye simu kubwa, na mama atasimuliwa jioni, kama atasimuliwa.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani sisi wakazi wote tuliotimiza miaka 18. Sheria hiyohiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kinga hiyo tumepewa ili mama asiamke asubuhi akakuta mtu mwingine analima alipopanda migomba yake. Lakini itatufaa nini ikiwa idhini inaombwa kwenye kundi la simu ambalo mama hayumo?

Tujifunze kwenye sanduku letu

Tuna mfano mzuri mikononi mwetu. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Fedha zetu hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi pembeni. Hufunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha zikahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja akajua kiasi kilichomo. Tunaaminiana, naam, lakini tunahesabu. Ndiyo maana vikundi vyetu vinadumu.

Mambo ya kijiji nayo ni sanduku la watu wote. Ikibidi tulifungue tukiwa mbalimbali, lazima tutafute njia ya kila mmoja kusikia hesabu. Nasi watu wa Ngara si wageni wa jambo hili. Baada ya mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka daraja la Rusumo mwaka 1994, Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera hapa Ngara mwaka 1995. Jina lake maana yake ni tumaini. Tangu siku hizo tunajua kwamba neno moja laweza kufika vilima vingi kwa siku moja, hata kwa asiyejua kusoma, na hata kwa mama aliye jikoni. Kasoro ya redio ni kwamba yenyewe husema tu. Kama hakuna njia ya msikilizaji kujibu, hayo ni matangazo, bado si mkutano.

Mambo ya kupatana mapema

Basi tufanye nini? Haya ni mambo tunayoweza kuyapeleka katika mkutano ujao wa kijiji, tuyazungumze na yaandikwe katika muhtasari:

1. Ugonjwa ukija, tangazo la kila kikao litolewe kwa njia zaidi ya moja: kwa simu, kwa kipaza sauti, kwa karatasi ubaoni, na katika matangazo ya nyumba za ibada kama zimefunguliwa. Ajenda itajwe waziwazi.

2. Kila kitongoji kiwe na wasikilizaji wawili, mmoja wao mwanamke, wenye simu inayofanya kazi. Wao wapite kuwauliza majirani maoni yao wakiwa wamesimama mbali uani, kisha wayapeleke kikaoni.

3. Bando na chaji ya wasikilizaji hao ihesabiwe katika matumizi ya kijiji. Isitoke kwenye fedha za mboga za mama.

4. Mapato na matumizi yabandikwe mahali panapopitwa na watu, kwa mfano karibu na kisima, na yaandikwe kwa herufi kubwa.

5. Asitolewe mtu kikaoni bila sababu yake kutajwa na kuandikwa.

6. Mambo ya dharura yaweza kuamuliwa kwa mbali: dawa, maji ya kunawa, msaada kwa nyumba iliyofiwa. Ardhi na michango mipya visubiri mpaka tuweze kukutana tena uso kwa uso.

Jambo hili la sita ndilo lenye uzito kuliko yote. Mgonjwa hawezi kungoja. Kiwanja kinaweza kungoja. Akitokea mtu wa kuharakisha habari za ardhi wakati watu wamejifungia kwa hofu ya ugonjwa, tumwulize kwa upole haraka hiyo ni ya nini.

Tuanzie nyumbani

Mama mpendwa, usisubiri mwenyekiti. Zungumza na mume wako leo, mkiwa mmetulia, simu ya nyumbani ni ya nani siku ya mkutano. Waume wengi hawana ubaya; hawajawahi kuulizwa tu. Mwombe binti yako aliye shuleni akufundishe kupokea ujumbe na kuujibu. Jirani asiye na simu mchukue awe mtu wako, umpe habari naye akupe neno lake. Mjane na mama mzee wasisahauliwe, kwa maana hao ndio hupoteza mashamba yao kwanza.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, iliyoweka mikutano hii ya vijiji, ilitungwa kabla simu ya mkononi haijafika nchini mwetu. Walioitunga hawakuweza kuyajua haya yote. Lakini walijua jambo moja, kwamba mambo ya kijiji huamuliwa na wanakijiji. Simu ikitusaidia kulitimiza hilo siku ya ugonjwa, tuishukuru na tuitumie. Ikitaka kumwacha mama nje, basi, akina mama, tunyoshe mkono mapema, wakati bado tunaonana, tuseme: "Mwenyekiti, naomba nafasi."