Mtoto ni wa Nani? Filamu ya Domitia Ikitazamwa Kutoka Uluguru

Tunapohakiki riwaya, swali la mapema ni hili: nani anasimulia? Tukikaa mbele ya filamu ya kuelimisha tunalisahau, maana ile sauti isiyo na sura inajifanya inajua yote. Sisi wa Morogoro hatukupaswa kusahau. Mwaka 1936 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu kuhusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, hapo jirani tu na mji. Wakati huo tulioelezwa tulikuwa sisi.

Sasa tuchukue filamu fupi ya katuni ya TED-Ed, Four Sisters in Ancient Rome (2013), iliyoandaliwa na mwanahistoria Ray Laurence. Mhusika ni Domitia, mtoto wa miaka 5. Baba yake, tajiri, anawaita mabinti zake wote Domitia na kuwatofautisha kwa namba. Jina ni la upande wa baba, nyumba ya baba. Kifani imefaulu: tunaiona Roma kwa macho ya mtoto.

Lakini Mluguru ataguna: mjomba yuko wapi? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ya mlimani imerithiwa kwa njia hiyo, na neno la mjomba lina uzito. Warumi nao walimtenga mjomba na baba mdogo: Kilatini kina avunculus na patruus. Ila kisheria, mamlaka juu ya mtoto wa ndoa yalikuwa ya baba, au ya babu mzaa baba kama angali hai.

Hapo ndipo penye uchungu. Roma walikuwapo watoto waliofuata upande wa mama: watoto wa wajakazi. Sheria iliwapa hali ya mama zao, yaani walizaliwa watumwa, mali ya bwana wa mama. Kumfuata mama Uluguru kumempa mtoto shamba. Roma kulimpa mtoto huyo utumwa.

Sisemi filamu hii ni mbovu, hata kidogo. Nasema binti mmoja wa nyumba kubwa hawezi kubeba peke yake utoto wote wa Kirumi. Mwalimu atakayeionyesha darasani, kabla hajazima mashine, awaulize wanafunzi: na yule aliyezaliwa jikoni mwa nyumba hiyohiyo, nani alimpa jina?